Dagaa wa Mama Esther Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Alhamisi, 25 Septemba

Nimeamua kuwa wa kwanza Google. Si mimi mwenyewe, dagaa wa mke wangu. Lakini dagaa hawajui kuandika, kwa hiyo kazi imeniangukia.

Chanzo ni mama mmoja wa Tabora. Alikuja asubuhi hapa mwaloni Katonga, ufukweni wanaposhukia wavuvi, akasimama mbele ya banda letu, akatusalimia vizuri kabisa, akauliza banda la Eliakimu liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Ningefanyaje? Kauliza kwa adabu. Akasema kamwona kwenye simu: ukitafuta dagaa wa Kigoma, Eliakimu anatokea juu kabisa. Eliakimu! Jirani yangu. Mtu ambaye hata redio anafunguliwa na mkewe.

Veneranda hakugomba. Mke wangu akinyamaza ndipo naogopa. Aliendelea kugeuza dagaa kwenye chanja, akasema taratibu kwamba wateja wa kupita hawatoshi. Asipopata mnunuzi wa kudumu kabla mvua hazijashika, anafunga banda na kurudi kwao Kidahwe kulima mihogo. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema kwao majembe hayajawahi kupungua.

Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji, na mpaka umri huu mimi na jembe tunaheshimiana kwa mbali. Jambo hili lazima lizuiwe.

Jioni nikapanda mtaa wa Mwanga kwa Happiness, binti aliyetutengenezea tovuti mwaka jana. Tovuti tunayo. Tangu izaliwe imetembelewa na mimi, na Esther binti yetu aliye chuoni Mwanza, na mtu mmoja wa Finland ambaye nadhani alipotea njia. Happiness kaniamkia, kanipa kiti, kaeleza. Kuna kitu kinaitwa maneno muhimu. Ni yale mteja anayoyaandika kwenye simu anapotafuta bidhaa. Uyajue, uchague machache, uyaweke kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye mistari ya mwanzo, kwenye majina ya picha, kisha uandike kama unavyoongea na mtu.

Niliitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi. Nimetoka na neno moja tu: maneno. Inatosha. Maneno ninayo.

Kanipa neno la siri la tovuti. Alisita kidogo kabla ya kunipa. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimefikiri kwa makini. Kama neno "dagaa" likiandikwa mara moja linasaidia, likiandikwa mara nyingi litasaidia mara nyingi. Hii ni hesabu ya darasa la tatu.

Nimeandika hivi: "Karibu kwa dagaa. Dagaa wetu ni dagaa wa Kigoma, dagaa bora kuliko dagaa wengine wanaoitwa dagaa. Ukitaka dagaa, njoo kwenye dagaa." Ukurasa mzima. Vidole vimeuma.

Saa kumi nikatafuta kwenye simu yangu. Tumetokea wa kwanza! Sikuamini. Nimerudia tena na tena, wa kwanza. Nikapita mwaloni nikiwapa watu mikono. Eliakimu nikampa mkono wa taratibu zaidi, kama anavyopewa mfiwa. Alishukuru. Hakujua anapewa pole ya nini.

Kisha Veneranda akatafuta kwenye simu yake. Wa kwanza Eliakimu. Wa pili Eliakimu tena, kwa picha. Wa tatu mtu anafundisha kupika dagaa kwa karanga. Tukashuka chini, tukashuka, tukafika kwenye madaktari wa samaki wa mapambo. Sisi hatupo.

Nimempigia Happiness. Akasema, kwa upole uliopita kiasi, kwamba simu yangu inanijua. Kila siku naingia tovuti yetu, basi simu inanionyesha ninachokipenda. Kuhusu yale maneno, akasema hata binadamu akikuta mtu analitaja jina moja hivyo atavuka barabara.

Simu inanipendelea. Angalau ipo inayonipendelea.

Jumapili, 28 Septemba

Misa ya kwanza. Eliakimu kakaa benchi la mbele. Hata kanisani yuko ukurasa wa kwanza.

Wakati wa mahubiri likanijia wazo. Kosa langu lilikuwa neno lenyewe. Ni watu wangapi Tanzania hii wanaoamka wakatafuta dagaa? Wachache. Wanatafuta nini wengine wote? Ajira. Dawa. Nauli ya treni. Basi mtu huyo aje kwa sababu zake, akifika kwetu atakuta dagaa, na akikuta dagaa atakumbuka kwamba ana njaa.

Mchana Veneranda amelala kidogo, mimi nimefanya kazi. Chini kabisa ya ukurasa nimeongeza: ajira mpya Kigoma, tiba ya mgongo, ratiba ya treni, sokwe wa Gombe. Ili Veneranda asinione, nimeyapaka rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mtu haoni kitu. Google inaona. Nimejisikia kama mpelelezi.

Namba ya simu ya banda nimeiweka kubwa.

Jumanne, 30 Septemba

Wamekuja.

Wa kwanza kijana wa Kasulu anaitwa Nikodemu. Kavaa tai. Tai, mwaloni, saa mbili asubuhi! Vyeti kwenye bahasha. Akaomba kuonana na afisa mwajiri. Nikamwambia afisa katoka. Veneranda, aliyekuwa nyuma yangu, akaniuliza afisa gani. Nikasema ni mazungumzo tu. Kijana akatoa simu akamwonyesha: ajira mpya Kigoma, dagaa wa Mama Esther.

Kabla sijaeleza vizuri, akashuka kwenye boti ya Kagunga bibi mmoja, Bibi Goreth, mtu wa Burundi aliyeolewa Kagunga zamani. Anashikiliwa na mjukuu wake. "Amahoro," akasalimu kwa Kirundi, akakaa kwenye ndoo yetu iliyogeuzwa, akauliza daktari wa mgongo anaanza saa ngapi. Mjukuu ndiye aliyesoma mtandaoni. Wamesafiri na mawimbi tangu alfajiri.

Sina la kujitetea. Nilimwonyesha bibi upande wa jua la asubuhi, nikamwambia joto la mchanga linasaidia. Akasema mume wake marehemu naye alikuwa mwongo, ila alikuwa na sura nzuri.

Veneranda akawapikia wote ugali na samaki wa migebuka. Nikodemu akalegeza tai akasaidia kugeuza dagaa, na kwa haki anageuza vizuri kuliko mimi. Bibi Goreth akapelekwa zahanati na mke wangu mwenyewe, kwa bajaji. Mimi nikabaki kupokea simu. Watu wa ratiba ya treni. Mmoja aliuliza kama sokwe wanakubali kupigwa picha.

Eliakimu akapita, akauliza kama siku hizi tumefungua hospitali. Nikacheka naye. Ndani sikucheka.

Jioni Veneranda aliuliza tu kama Kidahwe nitapenda kulima upande wa mlimani au bondeni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Happiness kashuka mwenyewe mpaka mwaloni. Kafuta maneno yangu meupe yote, akasema huo mchezo wa kuficha maneno Google wanaujua tangu zamani, na anayekamatwa nao husukumwa chini zaidi. Nikamwuliza chini zaidi ya samaki wa mapambo? Akasema chini bado iko.

Kisha akaniambia nikae barazani pa banda tangu asubuhi mpaka wanunuzi waishe, nisiongee, nisikilize wanauliza nini. Mtu anachokiuliza mdomoni ndicho anachokiandika kwenye simu. Sehemu ngumu ilikuwa kutoongea.

Nimekaa. Akaja mwenye mgahawa wa mjini: hawana mchanga hawa? Akaja mwalimu: dada, mchanga vipi? Akaja mama wa Uvinza, akachota dagaa kiganjani, akapuliza, akatafuna mmoja kwa meno ya mbele taratibu kama anayesikiliza redio. Mchanga! Wote wanauliza mchanga. Na wote Veneranda anawajibu lile lile: hapa dagaa hawagusi chini, tunaanika kwenye chanja za wavu, ndiyo maana wanachelewa kukauka. Wengine huanika juu ya mchanga, na ukiwapika wa kwao unakula Kigoma yenyewe.

Miaka yote nalisikia jibu hilo. Nilidhani ni maongezi.

Happiness akaandika upya kichwa cha ukurasa: "Dagaa wa Kigoma wasio na mchanga, wa Mama Esther, Katonga." Akaeleza kuhusu chanja kwa sentensi chache, akaweka picha ya Veneranda akigeuza dagaa, na jina la picha likawa hilo hilo. Akasema kwa kawaida mambo haya huchukua majuma, ila kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika maneno hayo, huenda njia iko wazi. Akaniomba nisiguse.

Sijagusa. Nimeongeza tu mstari mmoja. Eliakimu kwake kaandika "dagaa wabichi mara kwa mara." Mara kwa mara! Ahadi ya uvivu gani hiyo? Mimi nimeandika: "Na dagaa wabichi waliovuliwa usiku huu, KILA SIKU BILA KUKOSA."

Mstari mmoja si kugusa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku kuu katika historia ya ukoo. Ukiandika kwenye simu ya Veneranda, narudia, simu ya Veneranda, dagaa wasio na mchanga, tunatokea sisi. Juu. Eliakimu wa nne.

Na simu ikalia. Mama mmoja wa Dodoma, Regina. Ana maduka na mgahawa. Sauti ya mtu anayeamrisha watu na wanafurahi kuamrishwa. Akasema amechoka kurudishiwa sahani kwa ajili ya mchanga, ametafuta maneno hayo hayo, katuona. Anataka muuzaji mmoja wa mwaka mzima. Anakuja kwa treni, Jumanne alfajiri atakuwa mwaloni. Akauliza na wale wabichi wa kila siku, ni kweli?

Nikamwambia mama, njoo uone mwenyewe mitumbwi inavyoingia imejaa.

Veneranda kasikia habari ya mnunuzi, kakaa chini kwenye chanja tupu. Kanishika mkono. Hajanishika mkono mchana tangu Esther apate kipaimara. Akasema, "Baba Esther, basi hatuendi Kidahwe." Ile ahadi ya alfajiri sikumwambia. Niliona nimwachie furaha moja kwa wakati.

Umeme umekatika jioni. Naandika haya nje, kwa mbalamwezi. Mwanga mzuri, kama wa taa. Mungu akiamua kukusaidia anakusaidia hata kwenye mambo madogo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimemwambia Veneranda kuhusu alfajiri na mitumbwi iliyojaa.

Aliweka chini ungo. Akaniita nje ya nyumba, jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama Kongo. Upande wa pili, juu ya milima, unapanda mwezi mzima, mwekundu, mkubwa kama sinia. Akanionyesha. Akaniacha nisome mwenyewe.

Nikasoma.

Mtoto wa Kigoma! Hata kuku wa Katonga wanajua. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawangoja. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima ni taa moja, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanalala nyumbani mpaka giza lirudi. Kila mwezi ni hivyo. Hata enzi za babu yangu ilikuwa hivyo. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Nikateremka mwaloni mbio. Mitumbwi yote iko juu, imeegemea. Alphonce, mwenye boti kubwa, kakaa anashona wavu. Nikamwomba aingie ziwani usiku huu tu. Akaniambia yuko tayari, nikamwombe mwezi usogee. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajichoma sindano.

Anayebaki ni nani mwenye dagaa wabichi? Mwenye friji. Mwenye friji ni nani? Eliakimu.

Nimekwenda. Nilitegemea kejeli. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Jirani, nimeuza dagaa hapa tangu enzi za taa za karabai. Sijawahi kuona mtu anawavua kwenye friji." Akanipa ndoo nzima, waliogandishwa wakiwa wazuri, akakataa hata shukrani. Ila akasema alfajiri atakuwepo. Hangependa kukosa.

Alphonce kakubali kuzunguka kidogo na ndoo ile ndani ya boti na kurudi kwa mlio wa injini. Veneranda sijamwambia. Nimemwambia nimepata njia. Akaniuliza njia ya kwenda wapi.

Jumanne, 7 Oktoba

Naandika kwa utaratibu, kama mtu anayetoa maelezo kituoni.

Regina kafika kukiwa na weupe tu milimani. Mama mfupi, sweta, viatu vya kazi. Kaniita mzee. Nikaanza kumweleza ziwa. Injini ikasikika. Alphonce akaingia kwa mbwembwe, amesimama, anapungia mkono kama bwana harusi. Ndoo ikashushwa. Nikasema, karibu mama, dagaa wa usiku wa leo hao.

Regina akaingiza mkono ndani ya ndoo. Akautoa na bonge la dagaa lililoshikana, lina umbo la chini ya friji. Bonge zima, la mraba. Maji yakamdondoka mpaka kwenye kiwiko. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Akaniuliza kama ziwa la Tanganyika siku hizi linaganda.

Nyuma Eliakimu akakohoa. Kwa haki, alijitahidi kuwa kikohozi.

Nikafungua mdomo kueleza habari ya baridi ya kilindini. Veneranda akaniwahi. Alikuja na beseni jeupe mkononi, khanga kiunoni, akasimama katikati yangu na mgeni.

"Mama, shikamoo. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna dagaa wabichi Kigoma nzima. Atakayekuuzia wabichi wiki hii anakudanganya, na huyu anayekudanganya ni mume wangu. Wabichi nitakupa giza likirudi. Wakavu ninao leo, na hao naweza kuwaapia."

Nilitazama miguu yangu. Nikaona nitakavyoishika njia ya Kidahwe nayo.

Regina akachota dagaa wakavu wa kwenye gunia, si wa juu, wa chini kabisa, ambako watu huficha. Akawamimina kwenye beseni, akamwaga maji, akawavuruga. Akangoja maji yatulie. Sote tukainama. Mimi, Alphonce, Eliakimu, wapita njia. Kichwa kwa kichwa, kama watu wanaotafuta pete kisimani. Chini ya beseni palikuwa peupe. Regina akapitisha kidole, akakisugua kwa kidole gumba karibu na sikio.

Hakuna punje iliyokwaruza.

Akasema, "Kila niliyemwuliza kabla yako aliniambia kila siku wapo. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia siku ambazo hawapo. Nitachukua kwako mwaka mzima." Kisha akanigeukia mimi. Akasema ana sharti moja tu: huyu mzee asiandike tena.

Veneranda alikubali haraka kuliko ilivyokuwa lazima.

Lile bonge tulilikaanga mchana, wote, pamoja na Eliakimu. Alikula vizuri. Alisema ni watamu, hasa akikumbuka wametoka wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Regina kaondoka na magunia yake. Veneranda kaagiza nyavu za chanja mpya. Kidahwe tutakwenda Krismasi, kusalimia tu. Nikodemu kaajiriwa kugeuza dagaa, kwa hiyo hata tangazo langu la ajira halikuwa uongo, lilikuwa limewahi.

Happiness kaufuta mstari wangu. Mahali pake kaweka ukurasa mpya: "Lini wanapatikana dagaa wabichi Kigoma?" Humo kaeleza giza na mbalamwezi, na tarehe za mwezi mzima. Kasema watu wanauliza hilo kila siku na hakuna anayewajibu ukweli. Jana peke yake umesomwa na watu wengi kuliko tovuti yote tangu izaliwe. Neno la siri limebadilishwa. Nimejaribu jina la Esther, jina la mama mkwe, jina la mbwa. Hapana.

Sina kinyongo. Nikitazama mambo kwa utulivu, naona wazi kwamba wote wamenielewa vibaya. Nisingeandika kila siku bila kukosa, Veneranda angepata wapi nafasi ya kusema ukweli mbele ya mgeni? Ukweli unahitaji mtu wa kuuandalia. Mimi ndiye niliyeuandalia.

Na wapo wanaoliona hilo. Alphonce kanifuata jioni. Boti yake inakaa bure siku zote za mbalamwezi, anataka kubeba wageni wa matembezi, na anahitaji tovuti. Kasema mtu aliyemtoa mama Dodoma mpaka Katonga ni mtaalamu. Nimekubali. Nimemwomba asimwambie Happiness wala Veneranda, tusiwachoshe.

Nimeanza kazi kama mtu mzima, kwa kusikiliza wateja. Nimewauliza wageni wawili pale stendi wanaogopa nini kuhusu safari ya ziwani. Mawimbi, wakasema, wote wawili. Basi maneno muhimu ninayo, na nimeyaweka kwenye kichwa cha ukurasa, panapotakiwa, mara moja tu: "Boti ya Alphonce, ziwa tulivu mwaka mzima, hakuna mawimbi, tunakuhakikishia." Tayari familia moja ya Tabora imeahidi kuja Jumamosi, na bibi yao.

Bati la jikoni linapigapiga tangu magharibi, ziwa linanguruma mpaka huku, na mlango umejifunga wenyewe. Huyu paka wa Eliakimu nitamsemea kesho.